Mashine Huandika Unapoondoka

Akiru mwanangu,

Mama yako amelifunga sanduku lako na kulifungua tena sijui mara ngapi, na sasa amelikalia kana kwamba akiinuka litaondoka peke yake. Mambo ya neti, dawa na namba ya simu ya shangazi yako wa Kakuma nimemwachia yeye. Ameshayasema yote, na kesho stendi atayasema upya. Mimi nimebaki na jambo moja tu. Sikuweza kulisema tulipokuwa tunakula kwa sababu ulikuwa unacheka, na sikutaka uache kucheka.

Kesho utapanda gari hapa Lodwar ushuke Kakuma, na baada ya siku chache utakaa kwenye kiti kinachofanana na kile nilichokalia mimi. Utakabidhiwa kumbukumbu za watu. Wengi wao ni watu waliokimbia vita, wanaosubiri tu. Lakini wamo wachache waliofichwa: mwanamke aliyewatoroka shemeji zake, binti ambaye wajomba wanataka kumrudisha akaolewe, kijana aliyeona kitu asichopaswa kukiona. Mahali wanapolala pameandikwa ndani ya mashine, ili ofisi ijue pa kuwapelekea chakula na daktari. Nataka nikueleze habari ya mama mmoja na binti yake waliokuwa miongoni mwa hao wachache, na jinsi mashine iliyokuwa mikononi mwangu ilivyomwambia mtu mwingine nyumba waliyolala.

Habari hii unaijua kwa juu juu. Si siri, nilimweleza mama yako siku ile ile, na ofisi niliiandikia. Wewe umekua ukijua tu kwamba baba aliacha kazi ya kompyuta Kakuma akarudi Lodwar kufundisha hesabu. Hujawahi kuambiwa lilitokeaje, hatua moja baada ya nyingine. Mimi naamini hatari hukaa ndani ya hatua ndogo ndogo, ndiyo maana nitakwenda polepole. Nivumilie. Unajua baba yako akianza kueleza kitu hawezi kukatisha, na utaona kwamba hata hilo limo ndani ya kisa.

Juzi ulinicheka. Ulisema, "Apa, baba yangu, siku hizi hakuna mtu anakaa mbele ya seva. Unaingia na laptop yako, uko mbali kabisa."

Nikakuuliza, "Ukishaingia, unaandika wapi?"

"Kwa dirisha nyeusi."

"Na hilo dirisha jeusi linakumbuka?"

Ukasema, "Inakumbuka, lakini ni yangu."

Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Nianze na chumba. Ofisi yetu ilikuwa jengo refu la mabati pembeni mwa kambi, na katika jengo lote kulikuwa na chumba kimoja tu chenye kiyoyozi, kile cha seva, kwa sababu mashine haivumilii joto kama sisi. Saa sita ya Kakuma unaijua, lakini hujaisikiliza. Mbuzi hujibana ukutani penye kivuli chembamba kama kamba. Redio za majirani hushuka sauti zenyewe. Hakuna ndege. Jua linasimama juu ya mabati na mabati yanalia polepole, na ukiwa peke yako unaweza kuapa kwamba kuna mtu anatembea juu ya paa.

Saa kama hiyo watu waliingia chumbani kwangu. Dereva wetu Ekai, mlinzi, mama mpishi, na wageni waliokuja kufuatilia kadi zao. Sheria ilikataza. Lakini sisi hatujui kumwambia mtu aliyetoka juani arudi juani, na hata mabosi waliokuja kwa ndege walipoona benchi langu waliketi. Benchi hilo nililiweka mimi. Skrini ya seva ilitazama benchi kwa sababu waya wake ulikuwa mfupi na haukufika upande wa pili wa meza. Nilisema nitanunua waya mrefu. Sikununua.

Ekai alikuwa na utani wake wa kila siku. "Mwalimu, hii friji yako inakaa baridi hivi na haina hata nyama. Inaweka nini?"

"Inaweka watu," nilimjibu siku moja, na chumba kizima kikacheka. Baadaye sikupenda kulikumbuka jibu hilo.

Waliniita mwalimu kwa sababu nilikuwa nimefundisha kabla ya kuingia kazi ile, na kwa sababu sikuacha. Mtu akiuliza kitu kuhusu mashine, nilimgeukia nikamweleza mpaka aelewe. Nilipenda zile nyuso zikielewa.

Sasa sikiliza jambo la mashine yenyewe. Unalijua kwa kazi. Nataka ulijue kwa namna nyingine. Kila amri unayoandika kwenye lile dirisha jeusi huwekwa. Ukibonyeza mshale wa juu inarudi ya mwisho, ukibonyeza tena inarudi iliyotangulia, na tena, mpaka unafika kwenye mambo uliyoyasahau. Wanaiita historia. Katika ofisi yetu historia ilikuwa moja tu, kwa sababu sote tuliingia kwa jina moja, "ofisi". Kuomba jina la mtu binafsi kulipitia Nairobi na majibu yalichelewa, basi tukazoea. Mimi, msaidizi wangu, na kabla ya hapo kijana mmoja aliyefariki kwa ajali ya gari kwenye barabara ya Kalokol.

Tulipotoka kumzika yule kijana nilirudi kazini, nikaingia, nikabonyeza mshale nikitafuta amri yangu ya wiki iliyopita. Zikaja zake. Alikuwa na kosa moja la vidole, akigeuza herufi mbili kila mara na kisha kuandika upya kwa usahihi. Kosa lilikuja, sahihisho likaja, kosa likaja. Nilibonyeza na alizidi kuja, kinyumenyume, kutoka jioni yake ya mwisho kwenda asubuhi yake ya mwisho, na kila mstari ulikuwa na mkono wake. Niliondoa kidole. Chumba kilikuwa na baridi ya kawaida, lakini nilitoka nikasimama juani mpaka ngozi ilipohisi joto tena.

Bibi yako mzaa baba, wa Kaikor, alikuwa anaweza kusimama kwenye boma lililohamwa na kukuambia walikuwa watu wangapi, ngamia yupi aliumwa mguu, na mtoto gani alibebwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaona wafu. Nilimwuliza. Alisema haoni mtu yeyote, anaona walichoacha. Na alipohamisha boma lake mwenyewe, wakati wa uvamizi, alikuwa wa mwisho kuondoka. Alitawanya majivu kwa mguu, akaburuta tawi la miiba nyuma yake. Mimi nilikulia kwa mwanamke huyo, nikasoma mpaka chuo, nikakalia mashine inayoweka nyayo za kila mtu, na sikuliunganisha hili na lile.

Mgeni alikuja saa sita. Mtu wa makamo, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi. Alisema amepoteza kadi na anamsubiri afisa. Nilimkaribisha benchi. Ekai alimletea kikombe cha maji, kisha akatoka kwenda kuosha gari, tukabaki wawili. Jambo ambalo nililiona na sikulijali ni kwamba alitoka kwenye jua lile na hakuwa na jasho hata kwenye paji la uso.

Simu ililia. Alikuwa afisa wetu wa ulinzi, mama mmoja tuliyemwita Dada Esther. Yule mama aliyefichwa alikuwa amehamishiwa upande mwingine wa kambi pamoja na binti yake, na Dada Esther alitaka nihakikishe kwamba mahali papya pameingia vizuri. Kulikuwa na fomu ya kufanyia kazi hiyo, yenye kuuliza neno la siri la afisa na kila kitu. Ilikuwa nzito kufunguka, nami nilikuwa hodari. Niliandika amri moja kwa mkono kwenye ile skrini nyeusi, nikalitia jina la yule mama ndani ya amri, nikabonyeza Enta. Jibu likaja mstari mmoja: jina, mtaa, nyumba. Binti alikuwa na mstari wake mwenyewe, huo sikuuomba. Nikamwambia Dada Esther, "Ipo sawa," bila kutaja kitu kwa mdomo. Nilijiona mwangalifu.

Kisha nikaandika clear. Skrini ikawa tupu.

Mgeni akauliza nyuma yangu, kwa Kiswahili cha kambi, sauti ya upole: "Mwalimu, hiyo imeenda wapi?"

"Nimefuta," nikamwambia. "Kama mwalimu anafuta ubao."

"Sasa haiko."

"Haionekani. Lakini mashine haisahau upesi." Na nikageuka. Akiru, niligeuka na kiti changu kama ninavyogeuka darasani. "Kuna mshale huu hapa. Ukiubonyeza, inakurudishia ulichosema mwisho. Ukibonyeza Enta inakifanya tena."

"Inakumbuka hata kama ni mtu mwingine anauliza?"

"Haijui ni nani anauliza," nikasema. "Inajua kidole tu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi mzuri. Wakati huo huo jenereta ikaanza kukohoa nje. Ikizima, kiyoyozi kinazima, na mashine inachemka. Nilitoka mbio. Sikutoka kwenye akaunti. Niliacha skrini safi, tupu, yenye alama ndogo inayowaka na kuzima, nikaona inatosha.

Niliporudi mgeni alikuwa palepale benchi, mikono juu ya magoti. Kikombe cha maji kilikuwa kimejaa kama kilivyoletwa. Skrini ilikuwa tupu. Alama ndogo ilikuwa inawaka na kuzima.

"Asante, mwalimu. Nimepoa," akasema, akaenda zake.

Nami nikaandika exit, nikaenda kula.

Hapa nataka usome polepole. Watu wengi, hata waliosoma, hudhani kwamba ukitoka kwenye mashine unaacha kuwapo. Ni kinyume. Wakati unafanya kazi, amri zako ziko kichwani mwa kikao chako tu, tangu uingie mpaka utoke. Ni pale unapoaga ndipo mashine inapochukua yote iliyokuwa nayo kichwani na kuyaandika kwenye faili, kwenye diski, yakae. Neno la kuaga ndilo linaloifanya iandike. Niliandika exit mimi mwenyewe, na mashine ikaandika kila kilichosemwa mchana ule, nilichosema mimi na ambacho sikukisema, chini ya jina moja, kwa mfululizo mmoja. Haikujua kwamba tulikuwa wawili.

Nilirudi jioni kidogo, jua likiwa bado kali, kufanya kazi nyingine. Nikaingia. Nikabonyeza mshale.

Ikaja exit. Hiyo ni yangu.

Ikaja clear. Nilikumbuka ile clear, nikabonyeza tena nikitarajia amri niliyoiandika mwenyewe.

Ukaja mstari huu: mtoto iko wapi

Nilidhani msaidizi wangu amefanya mzaha, lakini msaidizi wangu alikuwa Lokichoggio tangu asubuhi. Nikabonyeza. Ikaja amri yangu, yenye jina la yule mama. Nikabonyeza. Ikaja clear nyingine. Nikabonyeza. Ikaja amri yangu ileile tena, ile ya kwanza, niliyoiandika mimi.

Kwa hiyo nilijua. Nilipokuwa nje na jenereta, alinyanyuka, akabonyeza mshale kama nilivyomfundisha mpaka amri yangu ikarudi, akabonyeza Enta kama nilivyomfundisha. Mashine ikamjibu: jina, mtaa, nyumba. Kisha, kwa kuwa iliongea, akaongea nayo. Aliiuliza kama unavyomuuliza mtu mlangoni. Mashine ilimjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna amri inayoitwa mtoto. Basi akafuta ubao na kukaa chini.

Ni yale maneno matatu ndiyo yanayonijia mpaka leo. Mambo mengine yalikuwa hila, na hila naielewa. Lakini lile swali lilikuwa la mtu ambaye alikuwa peke yake chumbani na kitu kinachojua, na akakisihi.

Nilimpigia Dada Esther kabla sijasimama. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kuja na gari, mwalimu. Sasa hivi."

Ekai aliendesha bila utani. Tulimchukua Dada Esther, na tulipofika kwenye nyumba ile, lango la miiba lilikuwa wazi. Ndani ya nyumba sufuria ya asida, ugali wa kwao, ilikuwa juu ya makaa, bado inatoa mvuke, na mwiko umesimama ndani yake. Shuka zilikuwa zimekunjwa. Hakukuwa na mtu, wala hapakuwa na kilichovunjika.

Dada Esther alimwita jirani, mama mzee wa Sudan Kusini aliyekuwa ameketi mlangoni kwake na mgongo kwetu.

"Mama, hawa watu wako wapi?"

"Mimi sikuona mtu."

"Leo hujaona mtu yeyote hapa?"

"Mimi napika. Sioni."

Mbele yake hapakuwa na moto.

Ekai akanigusa bega. "Mwalimu. Angalia chini."

Uwanja ulikuwa umefagiwa. Uwanja wote, kuanzia mlango mpaka lango, na kutoka lango kwenda nje ambako hakuna mtu hufagia. Mchanga ulikuwa na mistari ya ufagio iliyopinda kama mbavu, na juu yake hapakuwa na unyayo hata mmoja isipokuwa wetu.

"Nani amefagia?" Dada Esther akamuuliza yule mama.

"Upepo."

Hapakuwa na upepo. Ekai akasema kwa sauti ya chini, "Upepo gani hii inafagia kwa mistari?"

Nilifuata mistari ile. Sikuwa nimefuata nyayo tangu utotoni, lakini miguu ilikumbuka. Mistari ilionyesha kwamba aliyefagia alikuwa akienda kinyumenyume, akifuta pale alipotoka kukanyaga. Ilipita nyuma ya vyoo, ikashuka kuelekea laga, mkondo wa mto uliokauka, na penye mawe ikaisha. Ufagio ulikuwa umelazwa juu ya jiwe, umenyooka, kama mtu anayeweka kitu atakachokuja kukichukua. Kuanzia pale ni mawe matupu, na mawe hayasemi.

Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii, nikiwa nasahihisha madaftari, nikiwa kanisani, nikikutazama wewe ukijifunza kutembea na baadaye kuendesha pikipiki ya mjomba wako. Anayekimbia ana sababu ya kufagia. Anayechukua mtu pia ana sababu ya kufagia. Sufuria iliyoachwa motoni inaweza kusema lolote kati ya hayo. Shuka zilizokunjwa nazo zinaweza.

Siku chache baadaye, saa sita, nilikuwa nimeshaondoa benchi. Nilihisi mtu mlangoni kabla sijamsikia.

"Ejok, mwalimu." Alinisalimu kwa lugha yetu, yeye ambaye si wa huku.

"Ejok."

"Umetoa benchi."

"Nimetoa."

Alisimama pale, shati jeupe, paji la uso kavu. Hakuingia. Alitazama juu ya bega langu, kwenye skrini iliyokuwa tupu, kama unavyomtazama mtu mnayefahamiana ambaye hataki kukusalimu mbele za watu.

"Uliza tena," akasema.

"Niulize nini?"

"Ile jina. Uliza tena, mwalimu. Labda sasa inajua."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Nilisimama nikaiziba skrini kwa mwili wangu, ingawa haikuwa na kitu, na tukabaki hivyo mpaka Ekai alipotokea kwenye korido. Akaondoka bila haraka. Polisi walielezwa. Hakuwa amemtisha mtu, kadi yake ilipatikana, na alikuwa shemeji wa yule mama; shemeji kumuulizia shemeji yake si kosa kwenye kitabu chochote. Huenda mpaka leo yuko Kakuma. Kama yuko, ni mzee sasa, na wewe hutamjua kwa sura.

Kutokana na ziara hiyo nilipata mambo mawili, na ningali nayo. Hakuwa amewapata. Na alikuwa bado anatafuta.

Nilimwendea Dada Esther. Alikuwa akifunga kabati lake.

"Mwalimu, ile laini yao kwa mashine sasa iko na kufuli. Mimi sitakuambia kitu, na wewe usiniulize."

"Niambie tu kama wako hai."

"Hiyo pia ni kitu," akasema.

Kabla ya kuacha kazi nilifanya yale niliyopaswa kuyafanya mwanzoni, na nakuandikia kwa kuwa wewe ni fundi na utaona maana yake. Nilipigania kila mtu apate jina lake la kuingilia, historia yake, na faili yake isiyosomwa na mwingine. Niligeuza skrini. Niliacha kutia jina la mtu ndani ya amri. Jina hukaa ndani ya fomu inayouliza wewe ni nani kwanza. Na kuna faili ndogo ambayo mashine huisoma wakati unapoaga, ina maagizo ya mwisho, .bash_logout. Watu wengi hawajawahi kuifungua. Niliandika humo kwamba mtu akitoka, skrini isafishwe yote, pamoja na yale yaliyopanda juu na kujificha, kwa maana skrini ile ulikuwa unaweza kuirudisha nyuma na kuyaona hata baada ya clear. Katika mashine nyingine anayeingia baada yako hukuta maneno yako ya mwisho yangali juu ya swali linalomuuliza jina lake, nayo hayajamkusudia yeye.

Lakini usinielewe vibaya, maana nimewaona vijana wakifundishana kufuta historia kama wezi. Kama mtu yule angejua kufuta historia kama alivyojua kufuta skrini, nisingeuona ule mstari, Dada Esther asingepigiwa simu, na tusingejua hata kuogopa. Kumbukumbu ya ofisi inayosema nani alifungua mstari wa nani, hiyo iache ikae mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kuigusa. Usifiche ulichokifanya. Ficha mahali mtu analala. Hivyo ni vitu viwili, na kuvitenganisha ndiyo kazi yako yote.

Na wakija watu saa sita, watakuja. Wape maji. Kaa nao nje penye kivuli, cheka nao. Mtu akikuuliza jinsi mashine inavyofanya kazi, mwangalie kwanza kabla hujageuza kiti. Najua umerithi kwangu raha ya kueleza. Sitaki uipoteze.

Sasa nimefika pale ambapo nimekuwa nikichelewa kufika.

Wiki ijayo utakuwa na uwezo wa kuandika mstari mmoja na kujua. Jina lake halimo katika barua hii. Nimeliacha makusudi, kwa kuwa hata barua huachwa mezani. Lakini jina unaweza kulipata. Kuna watu ofisini wanaokumbuka, na Ekai bado anaendesha, na anakupenda. Unanijua. Umeniona nikiinamisha macho mwanamke mgeni akipita na binti sokoni. Utakaa pale jioni moja, watu wameondoka, alama ndogo inawaka na kuzima, na utasema moyoni, nimuulizie baba, aondokewe na mzigo. Utafanya kwa mapenzi.

Usifanye. Ukiuliza, swali lako litaandikwa, na jibu lako litakuwa kwenye skrini kwa muda wa pumzi chache, na huwezi kujua nani yuko mlangoni. Na hata kama hakuna mtu, utakuwa umejua, na mtu anayejua huonekana. Mimi nitaona kwenye uso wako Krismasi ukija. Nitajua upande gani wa kambi usiotaka kuuzungumzia.

Kama yule mama alifagia mwenyewe, alifagia dhidi yangu pia. Nimejizoeza kulikubali hilo. Kitu pekee kilichobaki ambacho naweza kumfanyia ni kutomtafuta, nami nimekifanya mpaka sasa, na si kila siku kilikuwa chepesi.

Nitazeeka, Akiru. Akili italegea, na huenda siku moja nikakupigia simu nikakuuliza juu yao, kwa sauti ya upole, kama mtu anayeomba maji. Nikiuliza, niambie hujui.

Na iwe kweli.

Baba yako